Bima Imekataa Kulipa? Jibu Sababu Iliyo Kwenye Barua

Ndugu mlioko Marekani, bili ya hospitali ikifika usikimbilie kulipa. Kwanza hakikisha ni bili kweli. Kampuni ya bima hutuma karatasi yenye maneno "This is not a bill", na wengi huichanganya na bili yenyewe. Karatasi hiyo inaonyesha hospitali imedai kiasi gani, bima imekubali kiasi gani na wewe unabakiwa na kiasi gani. Bili ikizidi hicho kiasi chako, iombe hospitali mchanganuo wa kila huduma pamoja na namba yake ya tarakimu 5. Tarakimu moja ikikosewa, bima inaweza kusoma matibabu mengine kabisa na kukataa. Hapo huhitaji rufaa, yaani kupinga uamuzi wa bima kwa maandishi: ofisi ya malipo ya hospitali inasahihisha namba na kupeleka madai upya.

Kama bima imekataa kwa kusema matibabu hayakuwa ya lazima, ni kazi nyingine. Tafuta sababu kwenye barua na uijibu hiyo hiyo. Rufaa nyingi huharibikia hapa: mgonjwa anaeleza maumivu yake kwa kirefu, wakati bima iliuliza jambo moja tu. Chukua mfano wa MRI ya mgongo, kipimo cha picha za ndani ya mwili. Mara nyingi hukataliwa kwa sababu faili halionyeshi wiki 6 za dawa na mazoezi ya viungo. Barua ya daktari inayosema "anaumwa sana" haisaidii. Inayotaja tarehe za mazoezi, dawa alizotumia na ganzi inayoshuka mguuni inasaidia. Ili daktari ajue pa kulenga, idai bima faili la madai yako na kigezo walichotumia. Ni haki yako kuvipata bure.

Kwa bima nyingi za kazini au za kununua mwenyewe, rufaa ya kwanza ina siku 180 tangu upokee barua, na kulalamika kwa simu hakusimamishi siku hizo. Andika, tuma kwa njia yenye uthibitisho wa kupokelewa, weka nakala. Bima ina siku 30 kujibu kama hujatibiwa bado, 60 kama umeshatibiwa, saa 72 kama ni dharura. Wakishikilia msimamo katika suala la kitabibu, una miezi 4 kuomba mapitio ya nje. Wakaguzi hao si wa kampuni, ada haizidi dola 25, na uamuzi wao unaifunga bima. Watu wengi huishia rufaa ya kwanza, na hilo linasikitisha.

Tangu Januari 1, 2022, sheria ya No Surprises Act inakulinda pia. Ukitibiwa dharura nje ya mtandao wa bima yako (hospitali na madaktari wenye mkataba nayo), au daktari wa usingizi asiye wa mtandao akikuhudumia katika hospitali iliyo ndani yake, unalipa kama mtu wa ndani ya mtandao. Ambulensi ya barabarani haimo, kwa hiyo uliza sheria ya jimbo lako.

Na deni likiwa halali lakini huliwezi? Hospitali zisizo za faida lazima ziwe na mpango wa msaada wa malipo, na una siku 240 kuomba tangu bili ya kwanza baada ya matibabu. Kuwa na bima si lazima kukuzuie.

Katika simu hizi zote omba mkalimani wa Kiswahili. Ni bure, hospitalini na kwa bima pia. Tafadhali, usimpe mtoto wako kazi hiyo.