Muziki wa taa za Krismasi usiosumbua jirani

Mwaka huu taa tutakazofunga ukutani na kwenye mvinje ulio mbele ya nyumba yetu, hapa Isamilo, zitawaka kwa kufuata muziki, lakini apitaye barabarani hatausikia mpaka awashe redio yake mwenyewe. Nimeamua kutumia transmita ndogo ya FM badala ya spika, kwa sababu Mwanza ni mji wa vilima na mawe, na sauti ikitokea huku juu hushuka hadi vyumbani mwa watu ambao hawakuomba kusikia chochote. Mzee jirani yangu, nilipompa shikamoo na kumweleza mpango huo, alijibu: "Marahaba, mwanangu. Kama hicho kidude hakina spika, washa hata usiku kucha."

Spika ya bluetooth pale getini isingefaa, hata kama ingekuwa ya sauti ndogo. Bluetooth huchelewesha sauti kidogo, kiasi cha kutosha kwa mtazamaji kuona taa imekwisha kuzimika ndipo ngoma inalia, ilhali FM ya kawaida hufikisha sauti papo hapo. Kwa kuwa kompyuta ileile inayoendesha taa, kwa programu ya bure iitwayo xLights, ndiyo inayopiga muziki, waya mmoja kutoka kwenye tundu la hedifoni hadi kwenye transmita unatosha.

Jambo la kuangalia sana ni nguvu ya kifaa. Mtandaoni huuzwa transmita za nusu wati na zaidi, zikisifiwa kwamba zinafika mbali, na kufika mbali ndiko kunakomponza mtu. Uingereza, ambako vifaa hivi vidogo viliruhusiwa bila leseni mwaka 2006, kikomo ni nanowati 50. Nusu wati ni mara milioni 10 ya kiasi hicho. Hapa kwetu masafa yanasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, kwa hiyo ruhusa ya Uingereza haimkingi mtu wa Mwanza, na ni vyema kuwauliza wao kwanza. Mimi nataka kifaa dhaifu kuliko vyote, cha aina ile inayochomekwa kwenye kiberiti cha gari, kwa kuwa kutoka barazani hadi getini si mwendo. Nitakiendesha kwa betri ya volti 12, maana adapta za bei rahisi huingiza mvumo kwenye sauti. (Umeme ukikatika, muziki utaendelea bila taa, na watoto wanalisubiri hilo kuliko onyesho lenyewe.)

Kuchagua masafa nako kunataka subira. Redio zetu hupokea kuanzia megahezi 87.5 hadi 108, na ni lazima kuisogeza sindano taratibu, mchana na usiku, hadi kupata pengo la kweli. Nasema usiku kwa sababu hewa iliyo juu ya maji, hali fulani ya joto ikiikuta, hubeba mawimbi ya FM mbali kuliko kawaida, na pahali palipokuwa kimya mchana panaweza kukaliwa na stesheni ya ng'ambo ya ziwa. Redio ya FM ikipokea mawimbi mawili ya masafa yaleyale hushika lenye nguvu na kulimeza jingine, na kidude changu hakiwezi kushindana na mnara wa mtu. Mwisho kabisa wa mstari, karibu na 108, ninapaepuka pia: kuanzia hapo kwenda juu ni masafa ya ndege, transmita za bei rahisi huvujisha mawimbi pembeni, na uwanja wa ndege uko hapo Ilemela.

Sauti ya kompyuta isifunguliwe hadi mwisho, kwani transmita ikilishwa kupita kiasi muziki hukwaruza. Kama kifaa kinaruhusu kuchagua, mono ni bora kuliko stirio, kwa sababu husikika safi hata mawimbi yakiwa hafifu.

Kilichobaki ni kibao cha getini chenye namba ya masafa kwa tarakimu kubwa, ambazo dereva wa bajaji atazisoma bila kusimama katikati ya njia. Chini yake nitaandika kwamba wenye simu zenye redio waje na hedifoni za waya, kwa kuwa waya huo ndio antena yao.