Miaka Mingi Ujerumani Haikupi Kijerumani

Vijana wanaoniandikia kutoka Nairobi na Dar es Salaam huuliza swali lilelile: "Dada, nikishafika huko itanichukua muda gani kuongea kama wao?" Tangu Kenya na Ujerumani zisaini makubaliano ya uhamiaji na ajira Septemba 2024, maswali hayo yamezidi. Wengi wameshapata cheti cha Kijerumani cha B1 au B2, yaani ngazi za kati, na waliotangulia wamewaambia kaa nao tu, lugha itaingia yenyewe. Mimi ni muuguzi kwenye makao ya wazee hapa Leipzig, na nimewaona watu wengi ambao ushauri huo umewacheleweshea maisha.

Si kwamba ni uongo mtupu. Mwanaisimu wa Marekani, Stephen Krashen, mwanzoni mwa miaka ya 1980 alitenganisha kujifunza lugha na kuipata. Kujifunza ni kanuni za darasani. Kuipata ni kuelewa yanayosemwa, yakiwa magumu kidogo tu kuliko unayoyaweza, mpaka lugha ikajijenga ndani yako bila kuhisi. Sisi wa Lushoto tunalijua hilo: nyumbani tuliongea Kisambaa, Kiswahili tukakiokota sokoni na mchezoni, na hakuna aliyetukalisha chini kutueleza ngeli. Lakini sharti la Krashen ni kuelewa, na hapo ndipo watu wanaporuka. Watafiti Criper na Dodd walipochunguza shule za sekondari Tanzania mwaka 1984, walikuta wanafunzi wengi hawana Kiingereza cha kuwawezesha kusoma masomo yao. Walikuwa wakikisikia kila siku ya shule. Maneno yanayokupita juu ya kichwa hayakuachii kitu, hata ukiyasikia miaka kumi.

Kuhusu Kijerumani chenyewe, utafiti ninaoupenda kuliko wote ulifanyika hukuhuku. Miaka ya 1970 na 1980, wanaisimu Jürgen Meisel, Harald Clahsen na Manfred Pienemann walifuatilia wafanyakazi waliotoka Italia, Hispania na Ureno, wakaona kwamba mpangilio wa maneno huja kwa hatua, na hatua hizo hazipishani. Mtu huanza na "Ich gehe heute", yaani "mimi naenda leo". Kisha huvuta neno la wakati mbele na kusema "Heute ich gehe", ambayo sarufi ya Kijerumani haiikubali. Baadaye sana kitenzi ndipo kinapohama: "Heute gehe ich". Kukipeleka kitenzi mwisho wa kishazi tegemezi, baada ya "weil" (kwa sababu), ndiyo hatua ya mwisho. Pienemann akajaribu kuwafundisha watoto wa Kiitaliano hatua ya "Heute gehe ich" kabla ya wakati wake. Aliyekuwa ameshaikaribia alifaidika. Aliyekuwa bado nyuma hakuweza kuirukia.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Ausbildung, mafunzo ya ufundi yanayoendana na kazi, anaposema "Heute ich gehe" na msimamizi akamfokea mbele ya wenzake kwamba hajitahidi, hilo linaniudhi sana. Anajitahidi, na yuko njiani. Kumfokea hakumsogezi hata hatua moja, ila kunamfanya anyamaze, na akinyamaza ndipo safari inapokatika kweli.

Hatua hizo nazo hazijipandi zenyewe. Katika miaka hiyohiyo ya 1970, watafiti wa Heidelberg walichunguza Kijerumani cha wafanyakazi 48 Wahispania na Waitaliano. Kilichoonyesha nguvu kubwa kuliko vyote ni kama mtu alikuwa na Wajerumani wa kukaa nao baada ya kazi. Umri wa kufika nchini na maongezi ya kazini navyo vilihesabika. Miaka ya kukaa Ujerumani ilikuwa na uzito mdogo kuliko hivyo. Nawaona hadi leo watu wasio na Wajerumani wa kukaa nao: zamu ya usiku ya kusafisha, chumba cha pamoja na ndugu wa nyumbani, Jumapili ibada ya Kiswahili. Hayo yote ni mema na yanatushikilia. Lakini mtu anaweza kuyaishi miaka kumi na tano bila Mjerumani hata mmoja kumuuliza amelalaje.

Ndiyo maana nawaambia wanaokuja kwenye kazi ya wazee kwamba wamebahatika. Kuna bibi mwenye maradhi ya kusahau atakayekusimulia kisa kimoja kila asubuhi, kwa Kisaksoni, lahaja ya huku, ambacho kozi ya Kijerumani ya Taasisi ya Goethe haikukigusa. Siku ya kwanza utashika jina la kijiji tu. Baada ya wiki kadhaa unajua kinachofuata, unamuuliza swali, anakujibu kwa furaha, naye hachoki. Mwalimu wa namna hiyo hapatikani kwa ada. Maliza kumsafisha, kisha kaa naye hizo dakika mbili.

Na uongee, usisikilize tu. Mtafiti wa lugha Merrill Swain alionyesha mwaka 1985, kwa watoto wa Kanada waliosomeshwa kwa Kifaransa, kwamba walielewa vizuri sana lakini sarufi yao ya kusema ilibaki nyuma.

Mtafiti mwingine, Bonny Norton, naye aliwafuatilia wanawake wahamiaji waliokuwa wakijifunza Kiingereza huko Kanada, akachapisha mwaka 1995. Mmoja, aliyempa jina la Martina, alitoka Czechoslovakia na alikuwa akiogopa simu kiasi kwamba binti yake ndiye aliyepokea. Kisha mwenye nyumba akataka walipe kodi ya mwaka mzima baada ya kuhama. Martina alibishana naye kwenye simu zaidi ya saa nzima, bila kufikiria nyakati za vitenzi, na watoto wake wakashangaa. Norton anasema uoga ule haukuwa tabia yake ya kudumu. Ulitegemea alisimama wapi na nani alimpa, au alimnyima, haki ya kuongea. Pale alisimama kama mama.

Basi barua ya mwenye nyumba ikija, usimtume mtoto aisome. Kikao cha wazazi nenda mwenyewe. Na wewe unayesubiri mkataba wa Ausbildung, kabla ya kusaini uliza kama utapangwa zamu na Wajerumani, na kama kuna mtu aliyetengewa muda wa kukuelekeza. Mshahara utaonyeshwa kwenye mkataba, hayo mawili hayaonyeshwi.