Chai ya tangawizi iliyokuwa ikikata maziwa

Kila nilipotia tangawizi mbichi, chai ya maziwa ilikatika: mabonge meupe yakielea juu, majimaji chini. Nilibadilisha maziwa, nikasugua sufuria, nikapunguza moto. Wapi! Ajabu, tangawizi ya unga haikuleta shida.

Dawa ilikuwa kwenye mpangilio. Twanga tangawizi, itie kwenye maji matupu, yaache yatokote sawasawa kwa dakika 5 hivi. Kisha majani. Maziwa yaje mwisho. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya, zinjibaini, kinachovunja protini ya maziwa, mchemko hukiharibu. Maji ya uvuguvugu hayatoshi, na usidondoshe kipande kibichi baada ya maziwa, hata kwa ajili ya harufu tu. Iliki na mdalasini havina neno, tia wakati wowote.