Pedi za mashindano na baridi ya Ipogolo

Saa 12:40 asubuhi. Hapa Ipogolo, Iringa, mwezi wa saba ni koti na kofia. Maji ya chai hayajachemka, simu inaita: kijana mwenye Forester ya turbo. "Kamwene fundi. Zile pedi za breki ulizonifungia hazishiki. Nimeponea chupuchupu kumgonga mtu wa bajaji."

Wiki iliyopita alikuja nazo mwenyewe, pedi za mashindano, ghali kweli. Breki zilikuwa zimemtoroka akishuka mlima Kitonga, akaapa kununua kali kuliko zote. Nilifunga, nikapokea changu.

Saa 1:30. Nalipandisha gari mjini, nalipumzisha lipoe, kisha nashuka nalo. Kona ya kwanza nakanyaga kama kawaida, gari linaendelea kama halijaambiwa kitu. Kona ya tatu, diski zikishapata moto, linashika mpaka kichwa kinainama. Ndivyo zilivyo: zimetengenezwa kwa ajili ya joto la mashindano, na huku mtaani siku nyingi hulifikii. Halafu zinapiga kelele kama mlango wa stoo, na rimu zimejaa vumbi jeusi.

Saa 3. Gari liko juu ya jeki. Natafuta zile pedi zake za zamani kwenye pipa la takataka. Uso unang'aa kama kioo, zimeungua. Pembeni zina herufi FE. Ya kwanza ni msuguano wa joto la kawaida, ya pili ni pedi zikiwa za moto. F ni kati ya 0.35 na 0.45, E iko chini yake. Yaani zikipata moto zinalegea. (Hata hiyo herufi ya kwanza haikupimwa kwenye baridi yetu ya alfajiri.)

Karibu nifunge kesi hapo. Kisha nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kumuuliza wiki iliyopita: "Siku ile Kitonga, breki ilikuwa ngumu lakini gari halisimami, au mguu ulizama?"

"Ulizama, fundi. Mpaka chini."

Nikanyamaza kidogo. Pedi zikizidiwa na moto, breki inabaki ngumu mguuni, unasukuma ukuta. Mguu ukizama, ni mafuta ya breki yamechemka. Mvuke unabonyea, mafuta hayabonyei. Nikafungua kopo: rangi ya chai ya rangi. Mafuta hayo yanavuta unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka. DOT 3, daraja mojawapo la mafuta ya breki, ikiwa mpya inachemka kwa nyuzi 205, ikishakunywa maji kiwango chake ni 140. Basi pedi ziliungua, lakini kilichomtisha kijana ni mafuta ya elfu chache.

Saa 5 hadi saa 7. Tunamwaga yote, tunaweka DOT 4, ambayo mpya inavumilia 230. Kutoa upepo ni kazi ya watu wawili. Dogo yuko ndani: "Kanyaga. Shika. Achia." Mapovu yanapita kwenye mpira kama soda. Nafunga pedi za barabarani zenye chuma ndani, herufi FF, diski nazisugua kwa msasa.

Saa 9. Barabara ya Tanangozi, kuzizoesha pedi mpya na diski. Kutoka kasi ya 80 hadi 20, mara nane, bila kusimama kabisa. Harufu inaanza ya tano. Trafiki akatupiga mkono baada ya ya saba! Pedi za moto ukizibana gari likiwa limesimama, zinaacha alama kwenye diski, halafu breki inatetemeka na watu wanasema diski imepinda. Nikaweka P, nikaachia breki, nikamsalimia afande huku nikiomba gari lisisogee.

Saa 12 jioni kijana anashuka na kupanda, mara mbili, anarudi anacheka. Nimemwambia Kitonga ashuke kwa gia ndogo, turbo au si turbo. Pedi za mashindano nimemrudishia kwenye boksi lake. Pesa ya ufundi wa wiki iliyopita nayo nimemrudishia, ingawa hakuidai.