Mjomba na Bampa la Dada

Dada alirudi nyuma mpaka akaiparamia nguzo ya maegesho, na nguzo yenyewe ilikuwa imepakwa rangi ya njano. Kona ya bampa la nyuma, la bluu iliyokoza, ikatoka na mistari ya njano yenye upana wa kiganja. Chini yake kuna ukanda mweusi wa plastiki usiopigwa rangi. Huo ulichunika ukabaki na michirizi myeupe. Dada hakutaka hata kuutazama. "Hapo ni bampa jipya tu," akasema, akaweka funguo mezani, akaingia ndani.

Mjomba alikuwa kwetu siku hiyo. Amepiga rangi magari tangu ujana wake, mpaka macho yalipoanza kumsumbua. Nilimwamkia nikamwonyesha. Nilikuwa nimeshatafuta msasa. Akanitazama mkononi, akaomba ndoo ya maji na sabuni.

"Osha kwanza, mwanangu. Ukisugua juu ya mchanga unaongeza mikwaruzo yako kwenye ya dada yako."

Nilipomaliza kuosha akanizuia nisifute. Bampa likiwa bado limelowa, ile mistari midogo ilitoweka kabisa, kisha ikarudi taratibu kadiri maji yalivyokauka. Akaniambia hiyo iko kwenye klia tu, ule utando angavu wa juu kabisa. Maji yanajaza mfereji, mwanga unapita bila kutawanyika, jicho halioni kitu. Kisha akaniambia nipitishe ukucha. Uliteleza karibu kila mahali, ukanasa sehemu moja tu, karibu na kona. Pale palikuwa pameliwa mpaka kwenye plastiki.

"Na hii njano?" nikamuuliza.

"Hiyo si mkwaruzo. Ni mali ya nguzo."

Alilowesha kitambaa kwa thina kidogo, akajaribu kwanza kwenye ukingo wa chini usioonekana. Kitambaa kikabaki cheupe, akaridhika: gari lilikuwa na rangi yake ya kiwandani. Gari lililopigwa rangi ile ya rahisi inayokauka kwa thina kuruka tu, ukiigusa kwa thina inayeyuka na kukufuata mkononi. Akafuta njano kwa mikono miepesi, bila kukawia, akasuuza kwa maji. Njano yote ikahamia kwenye kitambaa. Sehemu kubwa ya ile hasara iliyomfanya dada aingie ndani iliondoka kabla sijagusa msasa.

Msasa ulifika zamu yake baadaye, namba 2000, ule laini sana, ukiwa umelowekwa na kuzungushiwa kipande cha sponji ili vidole visichimbe. Mjomba aliniachia kazi, yeye akakaa kwenye kigoda akiangalia maji. Yalitiririka meupe kama tui. "Hiyo ni klia. Ukiona bluu, acha papo hapo." Ukingoni hakuniruhusu kabisa, kwa kuwa huko utando huwa mwembamba na hukwisha upesi. Baada ya hapo ni kompaundi, ile dawa nzito ya kusugulia na kung'arisha rangi, kitambaa laini na mkono usiochoka. Jirani mmoja alipita akapendekeza dawa ya meno. Si uongo mtupu, maana nayo ina chembe za kusugua, ila ni hafifu mno kwa kufuta alama za msasa.

Ule ukanda mweusi ndio ulionifunza zaidi. Mjomba aliniambia niingie chini na tochi nisome maandishi nyuma ya plastiki. Yalikuwa PP+EPDM-T20: polipropilini iliyochanganywa na mpira, na asilimia 20 ya unga wa talki. Talki ni nyeupe. Plastiki ikichunika, unga ule unafichuliwa na plastiki yenyewe inapauka kwa kuvutwa, ndiyo maana mkwaruzo kwenye kitu cheusi unaonekana mweupe. Na pale msasa ni adui, kwa sababu vile vipele vya urembo vilivyo juu ya plastiki vikisuguliwa havirudi.

Alitumia mashine ya kupuliza hewa ya moto, akiitembeza bila kuituliza hata kidogo. Polipropilini inayeyuka kwenye nyuzijoto 160 hivi, na mashine zile hupita hapo kwa mbali. Nilikuwa nikitazama weupe unavyonywewa na weusi. Plastiki ilipotaka kung'aa, akaondoa mkono. Michirizi miwili mirefu ilipungua bila kuisha, naye hakuifuata. Mimi ningeipaka yale mafuta ya kung'arisha dashibodi, akakataa katakata. Yanaficha kwa siku chache tu, halafu silikoni yake inabaki, na fundi atakayepiga rangi karibu na hapo ataona rangi inakimbia na kuacha vishimo.

Likabaki lile shimo la kona. Dada alitoka, akalizunguka gari, akanyamaza, kisha akanyoosha kidole palepale. "Na hapa?"

"Hapo panataka puti ya plastiki ya kujazia shimo, na praima yake maalumu, ile rangi ya kwanza ya kushikishia. Bila hiyo, rangi haishiki polipropilini."

"Nina rangi ya kucha ya bluu, mjomba."

Mjomba alicheka mpaka akavua miwani. Dada aliipaka hata hivyo, na kwa mbali ilipendeza. Ilianza kubanduka vipande vipande kila gari lilipooshwa, mpaka akalipeleka kwa fundi wa rangi, akiwa amekariri maneno ya praima ili asidanganywe.