Kibaraza cha nyuma: ukuta umekauka

Usiku wa kuamkia leo mvua imepiga Tabata toka saa nane mpaka alfajiri, na ukuta wa jikoni umeamka mkavu. Nimeupapasa wote kwa kiganja, kona hadi kona. Mkavu kabisa!

Kupaua kibaraza, kilichoegemea ukuta huo, hakukunisumbua. Kilichonitesa ni maji kuvuja pale juu, bati la migongo mipana linapokutana na ukuta wa tofali. Kwanza nilijaza mota. Bati likitanuka na jua la mchana na kusinyaa usiku, mota ikaachia ufa. Nikaja na bati bapa lililokunjwa pembe, nikaligandisha kwenye lipu kwa silikoni. Masika yalipoanza silikoni ikabanduka na rangi yake. Siku ile nilitaka kubomoa kibaraza chote.

Jawabu nimelipata kwa mpira wa maji. Nilimwagilia kuanzia chini, nikipanda taratibu. Batini, hakuna kitu. Nilipopita tu juu ya ile silikoni, doa likatokea ndani. Kumbe maji yalikuwa yanateremka na ukuta, yanaingia nyuma ya bati bapa. Ukingo wa juu lazima uzame ukutani!

Basi nikachana mfereji kwa grenda, nikavuka lipu hadi ndani ya tofali, kina cha milimita 25. Tumieni diski ya almasi. Patasi inamega lipu vipande vipande, na kuirudishia ni kazi nyingine. Fundi bati wa Gerezani akanikunjia vipande vipya: mdomo wa kuingia mferejini, mgongo wa sentimita 15, na ulimi wa kulalia bati, nao sentimita 15. Nimevibana kwa kabari za bati, silikoni ikaja mwisho, kuziba tu. Ulimi nimeukata meno ushuke kwenye mabonde ya bati, na kabla ya hapo nilinyanyua ncha za juu za mabonde hayo kwa koleo ili upepo usisukume maji kwenda juu. Hizo ncha zimenila nusu siku, na ningezirudia tena bila kinyongo.

Jumamosi ilikuwa ya kufunga gata. Itasubiri. Dirisha la chumba cha watoto linavuja kwa juu, nami nimebakiwa na kipande cha mita moja na diski bado inakata.