Siku Moja Kwenye Dawati la Ukurasa wa Mbele

Saa 3 asubuhi. Chai bado, lakini nimeshapitia kurasa za mbele za washindani wote. Za ndani nitazisoma nikipata muda. Msomaji naye ndivyo alivyo: anapita mezani kwa muuza magazeti, anatupa jicho, anaendelea na safari zake. Tuna sekunde chache za kumsimamisha.

Saa 4. Kikao cha asubuhi. Kuna habari mbili: mabadiliko ya kodi, na mwanamuziki maarufu aliyepigwa picha akitoka ofisini kwa wakili bila pete kidoleni. Hakuna anayebisha. Kodi itamgusa kila msomaji mfukoni, ila pete ina sura na ina wivu ndani yake. Kodi inakwenda ukurasa wa 5.

Saa 6 mchana. Naandika "NDOA YA STAA YAVUNJIKA". Ushahidi hatuna, kwa hiyo naongeza alama ya kuuliza. Sasa hatujasema kitu, tumeuliza tu, ingawa mpita njia atabaki na kuvunjika na kuisahau alama. Herufi nyekundu, picha imekatwa na kukuzwa mpaka kinachoonekana zaidi ni kidole. Chini yake: "Mtu wa karibu afunguka, Uk. 3". Ukimfuata mtu huyo huko ukurasa wa 3 utakuta amesema wawili hao "wana mambo yao". Basi.

Saa 8. Wakili wa gazeti anapitia kurasa, anapachika "inadaiwa" tatu nne. Hatubishani naye. Sijamwona bado msomaji aliyeacha kuamini kwa sababu ya "inadaiwa".

Saa 10 jioni. Tunarudi kwenye kodi. Watu hutucheka kwa udaku, lakini kwangu mimi nguvu ya gazeti iko huku ndani. Udaku unamleta msomaji. Akishazoea kutufungua kila siku, siasa anaikuta imepangwa tulivyotaka aikute. Leo tumeweka picha ya mjane mwenye kibanda na kichwa "WANATUKAMUA". Msomaji na gazeti upande mmoja, wakubwa upande wa pili.

Aprili 1992, chama cha Conservative kiliposhinda uchaguzi Uingereza, The Sun, gazeti la udaku la huko, lilijigamba kuwa ushindi ule ni kazi yake. Majigambo tu, pengine. Kinachonifikirisha zaidi ni Liverpool. Mwaka 1989 gazeti hilo hilo liliwasingizia mashabiki wa timu hiyo baada ya maafa ya uwanja wa Hillsborough, ambako mashabiki walikufa kwa kubanwa, na watu wa Merseyside, eneo lenye jiji la Liverpool, wakaligomea. Kwa miaka The Sun liliupiga vita Umoja wa Ulaya, na utafiti uliochapishwa 2022 ulionyesha kuwa baada ya mgomo huo, chuki dhidi ya Umoja wa Ulaya ilipungua huko kuliko sehemu nyingine za England. Kichwa kimoja hakina uwezo huo. Wimbo ule ule ukipigwa kila asubuhi kwa miaka, unao.

Saa 1 usiku. Katuni, fumbo, mechi za kesho, barua za wasomaji. Barua tunachagua iliyo kali zaidi, maana huzaa majibu makali.

Saa 3 usiku. Meneja wa mwanamuziki anapiga simu: pete iko kwa sonara, ilikuwa imelegea. Tunaliweka jibu lake aya ya mwisho, ukurasa wa 3, juu kidogo ya tangazo la magodoro. Ukurasa wa mbele unakwenda kiwandani ulivyo, na ya kesho kutwa tayari tunayo: "STAA AFUNGUKA KUHUSU PETE".